Lugha ya Msaada kwa Wamiliki wa Droni: Hoja ya Kuanzia kwa Mtumiaji

1.0 Utangulizi

Mwaka 2010 kampuni ya Parrot ya Ufaransa ilitoa droni ndogo iitwayo AR.Drone, iliyoongozwa kwa simu. Mwaka 2013 kampuni ya DJI ya Shenzhen, China, ikatoa Phantom. Kabla ya hapo wengi waliorusha vyombo vya aina hii walikuwa wapenzi wa ufundi, waliovijenga kwa mikono yao na kwa hiyo walizijua sehemu zake moja baada ya nyingine. Tangu wakati huo mtu asiyejua lolote kuhusu mota wala dira ameweza kununua droni iliyokwisha kuundwa, akaichaji betri yake na kuirusha siku ile ile. Ilipotoka Mavic Mini mwaka 2019, ikiwa na uzito wa gramu 249, droni ilikuwa imekwisha kuwa bidhaa ya dukani kama ilivyo kamera.

Mabadiliko hayo yamezua suala ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mmiliki aliyeijenga droni mwenyewe alijua pa kuanzia ilipomharibikia. Mmiliki aliyeinunua dukani hajui. Tegemeo lake ni ujumbe unaojitokeza kwenye skrini, maelezo yaliyowekwa na mtengenezaji kwenye intaneti, na majibu ya mhudumu ambaye hamwoni wala haioni droni yenyewe. Kwa maneno mengine, tegemeo lake ni lugha.

Makala haya yanaujadili msaada huo kwa jicho la taaluma ya lugha. Hoja yake kuu ni kwamba kasoro kubwa ya msaada wa namna hii si uchache wa maelezo ya kiufundi. Kasoro ni kwamba maelezo huanza na kifaa, nayo yangepaswa kuanza na kile ambacho mmiliki amekiona, amekisikia au amekitenda. Kwa mmiliki anayezungumza Kiswahili kasoro hiyo huzidi, kwa sababu anapofasiriwa, hufasiriwa maneno bila kufasiriwa hali. Inadaiwa pia kwamba idara za Kiswahili zina sehemu ya kazi hii ambayo watengenezaji hawawezi kuifanya peke yao.

2.0 Mmiliki Aliye Peke Yake

Ni vyema kwanza kumtenga mmiliki anayezungumziwa hapa na watumiaji wengine wa droni katika Afrika ya Mashariki. Kampuni ya Zipline ilipoanza kupeleka damu hospitalini nchini Rwanda mwaka 2016, ilikuwa na wahandisi wake kwenye kituo chake. Mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni, ulioanza mwaka huo huo, nao ulikuwa na walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waliofunzwa kazi hiyo. Katika mipango kama hiyo, hitilafu ikitokea, yupo wa kuulizwa.

Mpiga picha za harusi wa Mwanza au mtembeza watalii wa Malindi hana mhandisi. Ana simu, ana droni, na ana mteja anayesubiri. Akikosea, hasara haiishii kwenye mfuko wake. Matoleo ya baadaye ya Phantom yana uzito unaozidi kilo moja, na mara nyingi hurushwa pale penye watu, kwa kuwa watu hao ndio wanaopigwa picha. Betri za lithiamu zinazotumika, zikiumia au zikichajiwa zikiwa na kasoro, huweza kuwaka moto ndani ya nyumba. Kwa hiyo, sentensi moja ya maelezo isiyoeleweka yaweza kumjeruhi mtu ambaye hakununua droni wala hakuisoma sentensi yenyewe.

3.0 Ujumbe Unaotaja Kifaa

Mfano ulio wazi zaidi ni wa dira. Droni nyingi hutumia dira ili kujua zimeelekea wapi, na dira hiyo husoma uga sumaku wa dunia, ambao ni hafifu. Droni ikiwekwa juu ya sakafu ya zege yenye nondo, kando ya gari au juu ya paa la mabati, chuma kilicho karibu huivuruga dira. Kwenye skrini hutokea ujumbe kwamba dira ina hitilafu na kwamba isawazishwe, yaani mmiliki aizungushe droni ili dira ijipime upya.

Mmiliki mtiifu hufanya hivyo hapo hapo alipo. Matokeo yake ni kwamba dira hujipima kwa kufuata chuma kilichoivuruga. Ujumbe waweza kutoweka na mmiliki akaridhika. Droni ikishapaa na kuachana na chuma kile, dira inasema jambo moja na setilaiti zinasema jingine. Badala ya kutulia angani, droni huanza kuzunguka katika duara linalozidi kupanuka, na mara nyingine huishia kwenye ukuta au mti.

Katika mfululizo huo hakuna neno la uongo. Dira ilikuwa na hitilafu kweli, na kusawazisha ni tiba inayojulikana. Kilichokosekana ni swali ambalo fundi yeyote angelianza nalo: "Umesimama wapi?" Swali hilo halihitaji istilahi hata moja, na linajibika na mtu ambaye hajawahi kusikia kwamba droni ina dira. Jibu lake ndilo linaloamua kama dira isawazishwe au mmiliki asogee hatua ishirini hadi kwenye uwanja wa nyasi. Hapo ndipo tofauti ya kuanza na kifaa na kuanza na mtu inapoonekana.

Mfano wa pili unahusu kampuni ya GoPro. Droni yake iitwayo Karma iliingia sokoni mwezi Oktoba 2016. Mwezi Novemba mwaka huo kampuni ikaziita zirudishwe takriban droni 2,500, baada ya baadhi yake kupoteza umeme zikiwa angani. Mwaka 2018 kampuni ikatangaza kuiacha biashara ya droni. Mwanzoni mwa Januari 2020 wamiliki wa Karma katika nchi mbalimbali wakakuta droni zao hazipati ishara za setilaiti na haziruki. Dira nazo zilikataa kusawazishwa. Chanzo hakikuwa kwa mmiliki yeyote, kwani kosa lililozikumba droni zote kwa wakati mmoja ni kosa la mfumo. Dawa yake ilikuwa programu mpya kutoka kwa kampuni.

Funzo la tukio hilo ni kwamba mwongozo wa hitilafu humdhania mmiliki kuwa ndiye penye kasoro: asawazishe, azime, awashe, arudie. Mmiliki anayeufuata katika hali kama ya Januari 2020 atarudia kazi isiyo na mwisho huku akijilaumu. Msaada ulio bora hauna budi kuwa na sentensi inayokuja mapema na kusema waziwazi kwamba wamiliki wengine wamepatwa na jambo hilo hilo, kwamba kosa si lao, na kwamba waache kujaribu hadi watakapoarifiwa. Hiyo nayo ni huduma, tena haihitaji hata kifaa kimoja kufunguliwa.

4.0 Suala la Maneno

Wasomi wa Kiswahili wanaukumbuka mjadala wa kompyuta, ngamizi na tarakilishi. Kuhusu droni mjadala kama huo umekwisha kuanza bila kutangazwa. Wapo wanaosema ndege isiyo na rubani, wapo wanaosema ndege nyuki, na wengi husema droni tu. Ndege nyuki ina mantiki yake, kwa kuwa neno la Kiingereza lililotoholewa kuwa droni lina maana ya nyuki dume. Hata hivyo, kwa anayetafuta msaada swali si lipi kati ya majina hayo ni zuri zaidi. Swali ni kama maelezo yatapatikana kwa jina lolote atakalolitumia. Mtu hutafuta kwa neno alilo nalo kinywani. Kwa hiyo, maelezo hayana budi kuyataja majina yote mahali pa kuingilia, kisha yatumie moja tu ndani.

Jambo zito zaidi ni neno moja la kawaida kabisa, yaani nyumbani. Droni nyingi zina uwezo wa kurudi zenyewe zinapopoteza mawasiliano na rimoti au betri inapopungua. Kwa Kiingereza uwezo huo huitwa kurudi nyumbani, na anayefasiri neno kwa neno huandika "Rudi Nyumbani". Katika Kiswahili nyumbani ni mahali mtu anapoishi na watu wake. Droni haina habari na mahali hapo. Inachokijua ni pale iliporukia, ambapo ilipahifadhi katika kumbukumbu ilipopata ishara za setilaiti za kutosha. Mmiliki anayeishi Temeke aliyerushia droni yake Bagamoyo anaweza kucheka tu akiusoma ujumbe huo. Yule aliyerushia kwenye mashua hatakuwa na la kumchekesha.

Wazee wa bahari walisema: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwa baharia methali hii ni kweli, maana yeye na ngama wamo katika chombo kimoja. Droni iliyorushwa kutoka kwenye mashua haina ngama. Mashua husogezwa na upepo na mkondo, na droni hurudi mahali mashua ilipokuwa, ikatua majini. Baadhi ya droni humruhusu mmiliki kupahamisha mahali pa kurudia wakati wa safari, lakini atakumbuka kufanya hivyo iwapo tu jina la uwezo huo litamwonya. "Rudi Ulikorukia" lingemwonya. "Nyumbani" linamtuliza. Vivyo hivyo, jina hilo halimkumbushi kwamba droni hurudi kwa kimo alichokipanga kabla ya safari, na kwamba kimo hicho kikiwa chini ya minazi au mnara wa simu ulio njiani, marejeo yatakuwa ajali.

Upo pia upande wa maneno ambayo lugha inayo tayari na hayatumiki. Kamusi zina neno rafadha, lililotokana na vyombo vya baharini, na mitaani kuna pangaboi na mapanga ya feni. Droni ya rafadha nne huwa na aina mbili: mbili huzunguka kufuata mishale ya saa na mbili huzunguka kinyume chake. Zikibadilishana nafasi, droni hupinduka mara tu inapotaka kupaa. Mmiliki atakayeambiwa kwamba "panga la alama nyeupe liende kwenye mota yenye alama nyeupe" ataelewa, akiwa Tanga au Kisumu. Aidha, watumiaji wa simu wamekwisha kulizoea neno kuvimba kwa betri iliyoharibika. "Betri ikivimba, usiichaji na usiirushe" ni onyo lililo kamili. Halihitaji kubuniwa istilahi yoyote juu yake.

5.0 Suala la Sarufi

Maneno yakishapatikana hubaki sarufi, na hapa ndipo mfasiri asiye mjuzi wa Kiswahili hukwama bila kujua. Tazama agizo hili: "Izime, subiri dakika moja, kisha iwashe." Kinachozimwa ni nini? Droni, rimoti, betri, simu, kamera, mota na programu, yote ni majina ya ngeli ya I-ZI. Kiambishi kimoja kinaweza kuwakilisha vitu saba vilivyo mbele ya mmiliki kwa wakati mmoja. Katika masimulizi muktadha hutatua utata huo. Katika maelezo ya hitilafu muktadha ndicho kitu ambacho msomaji hana, na kuizima rimoti wakati droni ingali inapaa ni jambo tofauti kabisa na kuizima simu.

Pangeweza kusemwa kwamba rimoti iitwe kidhibiti ili ipate upatanisho wake katika ngeli ya KI-VI. Pendekezo hilo lina faida ya kisarufi, lakini linamnyang'anya mmiliki neno alilolizoea kutoka kwenye televisheni yake. Njia iliyo salama zaidi ni kulirudia jina kila mara: "Zima rimoti. Subiri dakika moja. Washa rimoti." Mwalimu wa insha angeisahihisha sentensi hiyo kwa kurudia maneno bila sababu. Katika maelezo ya kazi, sababu ipo.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina hazina ambayo lugha ya ujumbe wa asili haina. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa hutenganisha jambo lililojitokea na jambo lililotendwa na mtu. "Mota imezimika" si sawa na "mota imezimwa". Katika droni kadhaa, kuvuta vijiti viwili vya rimoti chini na kuvielekeza ndani ni amri ya kuzima mota. Mmiliki anayefanya hivyo bila kujua amezima mota mwenyewe, na tiba yake ni mafunzo. Mota ikizimika bila amri, tiba ni karakana. Ujumbe wa Kiingereza usemao kwamba mota imesimama huyafunika yote mawili.

Tofauti hiyo ina uzito wa fedha. Droni ikianguka, mmiliki na muuzaji huulizana kama ajali inaingia katika dhamana ya mtengenezaji. Droni nyingi huhifadhi kumbukumbu za safari, na kumbukumbu hizo huonyesha kama amri ilitolewa. Msaada ulioandikwa kwa Kiswahili kizuri ungemwambia mmiliki tangu mwanzo ni lipi kati ya mawili limetokea, na ungemwonyesha jinsi ya kuzihifadhi kumbukumbu hizo kabla hajafanya jambo jingine. Mmiliki asiyejua kwamba kumbukumbu zipo huenda kudai haki yake mikono mitupu.

6.0 Pingamizi na Majibu

Zipo pingamizi tatu zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya usafiri wa anga, hivyo anayetaka kurusha chombo na ajifunze lugha hiyo. Pingamizi hii inamsahau mtu anayezungumziwa. Rubani hufunzwa kwa muda mrefu na kutahiniwa kabla ya kukabidhiwa ndege, na maneno ya kazi yake ni sehemu ya mafunzo hayo. Mmiliki wa droni amekabidhiwa risiti. Sheria za nchi zaweza kumtaka ajisajili na apate kibali, na hilo ni jambo jema, lakini kibali hakimwambii afanye nini rafadha ikipasuka.

Ya pili ni kwamba soko la Kiswahili ni dogo mno kwa watengenezaji walio mbali. Hata hivyo, kazi yenyewe si kubwa kama inavyodhaniwa. Hitilafu zinazowapata wamiliki wengi huzunguka mambo machache: dira, setilaiti, betri, rafadha, mawasiliano ya rimoti, na programu ya droni isiyolingana na ile ya rimoti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kazi kubwa kuliko hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Anayesema kwamba haiwezekani hana budi kueleza kwa nini kubwa liliwezekana.

Ya tatu, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi siku hizi, ni kwamba mashine hutafsiri zenyewe, kwa hiyo kazi imekwisha. Ni kweli kwamba tafsiri za mashine zimeendelea sana. Lakini mashine ikipewa ujumbe ulioanza na kifaa, itatoa ujumbe wa Kiswahili ulioanza na kifaa. Haitaongeza swali "Umesimama wapi?" pale ambapo mwandishi wa kwanza hakuliuliza. Isitoshe, ikipewa sentensi fupi iliyokatwa na wenzake haina njia ya kujua kama mota ilizimwa au ilizimika. Tafsiri yaweza kuwa fasaha na bado ikampeleka mtu pabaya.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, msaada unaofaa kwa mmiliki wa droni unapaswa kufuata utaratibu wa aina hii. Kwanza utaje linalopasa kuachwa mara moja: usirushe, usichaji, usiguse rafadha kabla betri haijaondolewa. Pili uulize kwa maneno ya mmiliki ameona nini, amesikia nini na amesimama wapi. Tatu useme kama kosa ni la mahali, la mtu, la kifaa au la mtengenezaji. Nne utoe hatua, kila hatua ikitaja jina la kitu kinachoshikwa. Tano umfikishe kwa mtu, iwe kwa ujumbe wa sauti au kwa simu, hatua zinapokwisha bila mafanikio. Maelezo ya maandishi mafupi na ya sauti yapewe nafasi mbele ya video ndefu, kwa sababu mmiliki aliye uwandani hununua kila dakika ya intaneti.

Sehemu ya idara za Kiswahili katika kazi hii ni ya utafiti kabla ya kuwa ya tafsiri. TUKI ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, ilimlenga mwanafunzi na mwalimu, na kamusi hiyo ilistahili kazi hiyo. Mmiliki wa droni hayumo darasani. Maneno yake yamo kwenye maduka ya vifaa vya picha ya Kariakoo, kwa mafundi wa simu wa Mombasa, na kwa wapiga picha wa Unguja wanaorushia droni kwenye ngalawa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili angeweza kukusanya malalamiko ya wamiliki jinsi wanavyoyasema wenyewe, akayalinganisha na ujumbe wa skrini, na kuonyesha ni wapi viwili hivyo havikutani. Tasnifu ya namna hiyo ingekuwa na manufaa kwa nadharia ya istilahi, na hapo hapo ingekuwa na manufaa kwa watu wanaopita chini ya droni.

Kwa muda mrefu wanaistilahi wamepima kazi yao kwa swali kama neno limesanifiwa na limekubaliwa. Vifaa hivi vinadai kipimo kingine cha kuongezea: je, mtu aliyelisoma neno hilo akiwa na haraka, jua likiwa usoni na betri ikiwa karibu kwisha, alijua la kufanya? Neno ambalo limeshindwa hapo bado halijamaliza kazi yake, hata kama limo katika kamusi.